Kitufe cha Kuziba

Saa kumi alasiri, Tartu, Desemba, giza limeshakaa.
Tuko ghorofa ya tatu, palipokuwa kiwanda cha vifungo;
hadi leo ukifagia chini ya mabomba ya joto
utaokota kifungo cha koti lisilojulikana.

Sisi hatushoni. Tunaunda programu
inayofunguka ndani ya kivinjari, hupakui kitu:
unachora umbo, unaligeuza kwa kidole,
unalituma kwa printa iliyoko popote,
nayo inalijenga tabaka juu ya tabaka,
kama nyigu na tope lake,
hadi kilichokuwa hewa kinashikika.

Ila umbo likiwa na upenyo, printa huchanganyikiwa.
Haijui ndani ni wapi, nje ni wapi.
Ikosekane pembetatu moja kati ya laki tatu
na kikombe chako kinatoka kama kimetafunwa.
Kwa hiyo nikaunda kitufe.
Miezi minne. Ndoa yangu na Kersti ilikuwa inavuja siku zile,
nami nikawa naziba nilichoweza.
Kitufe kinapita juu ya ngozi ya umbo
kama kiganja cha kipofu; kikihisi ufa, kinashona.

Kisha barua, kutoka Setomaa, karibu na mpaka.
Leida Kõivupuu, miaka sabini na tisa:
“Vijana, asanteni. Filimbi ya kaka yangu ilipasuka kwa baridi.
Mjukuu aliipiga picha pande zote kwa simu,
uwazi wa ndani tukaupima kwa sindano ya kufumia.
Maktaba wanayo printa. Imetoka nzuri,
hata alama ya meno yake iko pale mdomoni.
Ila hailii.
Naomba kuuliza kwa adabu: matundu mmeyapeleka wapi?”

Nikafungua faili lake.
Yalikuwa sita, saba ukihesabu na mdomo,
na kila moja kitufe changu kililiona kidonda,
kikalitia kiraka laini kisichoacha kovu,
kikatangaza kwa kijani: Kasoro saba zimerekebishwa.
Tuliziba ufa, tukajenga ukuta.

Urmo alicheka hadi chai ikamtoka puani.
Mimi nilikaa naizungusha fimbo ile kwenye kioo,
bubu, kamilifu, haivuji hata tone,
nikitafuta namna ya kuieleza kompyuta
kwamba upo upenyo wa bahati mbaya
na upo ule ambao mtoto wa miaka kumi na miwili,
ng'ombe wakiwa wamelala,
aliutoboa kwa msumari wa moto
pale kidole chake kilipofika.
Kwa hesabu ni kitu kimoja:
duara la kingo zisizo na jirani.

Siku tisa nilisaka kanuni.
Ukubwa? Hapana. Mpangilio? Mara nyingine.
Mwishowe nikaandika mistari mitatu
ya kitoto kuliko yote niliyowahi kuandika.
Kabla ya kuziba, programu inasimama,
inaliwasha tundu rangi ya chungwa,
inauliza: Hili ni lako?

Naona majibu yake katika kumbukumbu za seva.
Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.
Kimya cha dakika nne; labda birika, labda miwani.
Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.
Na la mdomo, saa sita kasoro usiku: ndiyo.

Hajatuma sauti. Sijamwomba.
Kersti alipiga simu juzi kuhusu funguo za ghala,
tukaongea zaidi ya funguo.

Jana nikifagia niliokota kifungo kingine, cheusi.
Matundu manne.
Nimekiacha juu ya meza ya Urmo,
naye hajauliza ni cha nini.